Kiti kitupu kwenye mchoro wa Matisse: mwenye kiti kaenda wapi?

Mtanga_wa_SilverSpring

Habari zenu wakubwa kwa wadogo.

Naomba mniazime macho. Kazi yangu huku Silver Spring, Maryland, ni kumtunza bibi mmoja mwenye miaka themanini na ushee. Enzi zake alifundisha kuchora. Siku hizi mikono inatetemeka, kijiko chenyewe anashikiwa, ila akili iko palepale na ulimi ndio kwanza umenolewa. Akiamka na nguvu tunapanda treni ya laini nyekundu mpaka Dupont Circle, namsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka jumba la sanaa la Phillips Collection. Watu wanajazana kwenye Renoir, ule wa rafiki waliomaliza kula kando ya mto. Yeye haugeukii. Ananyoosha kidole kwenye mchoro wa Henri Matisse, yule mchoraji wa Kifaransa.

Mchoro wenyewe unaitwa Studio, Quai Saint-Michel. Ni wa 1916 kuingia 1917, mkubwa, kama mita moja na nusu kwenda juu na mita moja na kidogo kwenda pembeni. Ni chumba alichokuwa anachorea Paris, ghorofani. Kushoto kuna dirisha refu, nje unaona mto Seine na ng'ambo yake jengo la mahakama. Kulia kuna kochi lenye kitambaa chekundu cha maua, na juu yake mwanamke amejilaza, hana nguo. Katikati kuna viti: kimoja kimeegeshewa turubai, kingine hakina kitu wala mtu. Ukutani kuna vipande vya mstatili vimebandikwa. Basi.

Bibi ana swali moja tu, "Unaona nini?" Na hataki nisome kile kibao cha maelezo. Nikamwambia naona mwanamke anasubiri. Anamsubiri nani? Mchoraji. Na mchoraji yuko wapi? Hapo nikakwama, tukarudi nyumbani yeye anacheka njia nzima.

Dada yangu aliyeko Tanga nilimtumia picha. Jibu lake: "Ndiyo kazi uliyoiendea Marekani, kusukuma wazee wakatazame uchi?" Kwa hiyo huko sina msaada.

Uchi wenyewe haunishtui, mimi naogesha watu kila asubuhi. Na kwa sababu hiyo mwili wa mtu anayesubiri kuhudumiwa naujua. Mabega yanapanda, shingo inakaza, vidole vinatafuta ukingo wa shuka. Huyu hana hata dalili moja ya hizo. Kajiachia kama mwenye chumba ni yeye. Ndiyo maana lile neno "anasubiri" linanikera kila nikilikumbuka.

Sasa mwenye kiti kaenda wapi, na kwa nini katuachia chumba? Naomba mawazo yenu wenyewe, ya kunakili nitayatambua.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Kaenda kununua sigara. Tuendelee na mjadala mwingine.

---

Mwalimu_Kilifi

Dada wa Tanga, huyo bibi mfikishie salamu zangu za heshima. Swali lake si la mchezo.

Mimi ningeanza na tarehe. Majira yale ya baridi Ufaransa ilikuwa vitani, Vita vya Kwanza vya Dunia. Mapigano ya Verdun yalikuwa yamekula vijana karibu mwaka mzima wa 1916. Matisse alizaliwa 1869, kwa hiyo alikuwa na miaka arobaini na saba. Vita vilipoanza aliomba kuandikishwa jeshini, akakataliwa. Bohain, mji wa kaskazini alikokulia, ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mama yake alikwama huko, na mdogo wake alichukuliwa mateka pamoja na raia wengine akapelekwa Ujerumani. Wachoraji wenzake walikuwa mstari wa mbele. Georges Braque alijeruhiwa kichwani 1915. Yeye yuko ghorofani Paris na brashi mkononi.

Nikiuona mchoro huo nikijua hayo, kile kiti kwangu ni cha mtu ambaye hana raha ya kukikalia. Tazama na dirisha lilivyopewa nafasi. Mchoraji anayetaka kutuonyesha mwili wa mwanamke hana haja ya dirisha kubwa namna hiyo. Nje kuna mji ulio vitani, ndani kuna kazi iliyosimama nusu.

La pili ni jengo. Namba 19, Quai Saint-Michel. Matisse aliishi humo ujanani, akahama, akarudi 1914. Kwa hiyo tunaweza kumlinganisha na yeye mwenyewe. Mwaka 1903 alichora Carmelina, mchoro ambao sasa uko Museum of Fine Arts, Boston. Modeli ameketi kifuambele, mzito, ametukazia macho. Nyuma yake kuna kioo, na ndani ya kioo, mdogo kabisa, yumo Matisse mwenyewe amevaa nguo nyekundu. Miaka hiyo ilikuwa ya aibu na ukata kwake: wakwe zake waliingizwa kwenye kashfa ya utapeli ya akina Humbert, baba mkwe akawekwa ndani, na kumbe hakuhusika na utapeli wenyewe. Pamoja na yote hayo alijipenyeza kwenye kioo aonekane. Baada ya miaka kumi na tatu hivi, katika jengo lilelile, amebaki kuwa kiti.

Hiyo ndiyo safari ninayoiona mimi, kutoka kwenye kioo hadi kwenye kiti kitupu.

---

Binti_Shariff

Mwalimu, umesema vizuri, lakini hebu niulize. Aya zote hizo, mama yake Matisse yumo, mdogo wake yumo, mkwe wake yumo, Braque na kichwa chake yumo. Yule aliyelala kwenye kochi yuko wapi katika maelezo yako?

Anaitwa Lorette. Alikuwa modeli wa Kiitaliano, na Matisse alimchora karibu mara hamsini katika muda wa kama mwaka mmoja. Mara hamsini! Kwa nguo, bila nguo, na kikombe cha kahawa, na kilemba, na dada zake wawili. Halafu watu wanamfahamu kwa jina moja tu kama mtoto wa chekechea. Bohain tunaijua, mitaa yake tunaijua, yeye Lorette tunajua nywele zake nyeusi.

Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, nyumba iliyojaa wanawake waliokuwa wakitazamwa bila kuulizwa, na watalii wenye kamera wakipita barazani. Kwa hiyo samahani, huzuni ya mwanamume aliyeinuka kitini hainitoi machozi. Kiti kitupu naona ni ujanja. Kamvua mwanamke nguo, kamlaza, halafu yeye katoka kwenye picha ili asiulizwe. Ati hayupo. Na ni nani basi aliyemchora?

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Hapo sasa. Nimerudi, nilikuwa napita tu.

---

Msukuma_Peckham

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye basi nikashindwa kunyamaza, maana hii ni kazi yangu.

Mimi naishi London kusini. Mchana napakia mizigo ghalani, na jioni mbili tatu kwa wiki nakaa uchi mbele ya watu wanaojifunza kuchora. Ndiyo, mimi, mtoto wa Mwanza, kipara na kitambi. Mama hajui na nyie msimwambie. Wanalipa kwa saa, na kuliko ghalani angalau mgongo unapumzika, ingawa hilo nalo ni uongo nitalieleza.

Dada wa Tanga uko sahihi kuhusu mabega. Huyo dada wa kwenye kochi hasubiri, yuko kazini. Mkao wa kulala ndio watu wanadhani rahisi. Dakika tano za kwanza unajiona sultani. Baada ya hapo nyonga iliyogusa kochi inaanza kufa ganzi, mkono uliolaliwa unaisha kabisa, na kuna pahala kwenye kisigino panawasha na huwezi kupagusa. Modeli mgeni anapambana nayo, mwili unakaza, na wachoraji wanakiona hicho kukaza wanakichora. Modeli mzoefu anaachia. Unaugawa uzito taratibu kabla hawajaanza, unatafuta mkao ambao mifupa inabeba badala ya nyama, halafu unaondoka kichwani. Kwa hiyo hiyo raha unayoiona kwake ni ufundi. Amefanya hiyo kazi muda mrefu na huyo mzee, wamezoeana. Binti Shariff, hapo nadhani tunakubaliana: hamsini zile ni za watu wawili.

Sasa kiti. Nimeangalia picha kwenye simu nikacheka, kwa sababu nyote mnauliza kaenda wapi na mimi najua aliko. Yuko palepale. Hebu hesabuni turubai. Moja iko juu ya kiti, ndani ya picha. Ya pili ni ipi? Ni hii ambayo bibi anaitazama pale Washington. Turubai mbili, mchoraji mmoja. Ile ya kwenye kiti aliichora ameketi. Ili aichore hii ya pili, chumba kizima pamoja na kiti chake mwenyewe, ilibidi ainuke arudi nyuma. Kiti kitupu kwa sababu mwenyewe kasimama. Angalieni hata viti vinavyoonekana: unaviona kwa juu, sehemu ya kukalia unaiona. Hayo ni macho ya mtu aliyesimama, ya aliyeketi yangekuwa chini zaidi.

Na hiki kitendo nakiona kila wiki. Watu wanachora wameinamia, wameinamia, halafu mmoja anainuka, anarudi hatua kadhaa mpaka anagonga ukuta, anakunja jicho moja. Hapo hanitazami mimi tena. Anatazama mimi, na kitanda, na taa, na kazi yake, vyote pamoja, kama mtu anayekagua chumba alichopanga. Ukiwa modeli unausikia mwilini huo wakati. Macho ya kuchora yanakugusa vipande vipande, sikio, goti, goti tena. Macho ya kukagua chumba hayakugusi. Ndio wakati pekee ambao naweza kukohoa.

Mimi nasema huo ndio aliouchora. Kilichopo pale ni dakika ya kurudi nyuma. Mwanamke yumo, lakini yumo kama dirisha lilivyomo. Mwalimu atasema vita, sikatai, mtu anaweza kuwa na vita kichwani na bado akarudi nyuma kutazama kazi. Ila mchoraji hajatoroka popote. Amesimama pale mnapoegesha kiti cha magurudumu cha bibi.

---

Mtanga_wa_SilverSpring

Msukuma, nimesoma hii jikoni uji ukamwagika. Nitamwambia bibi nikishampa dawa zake. Asante sana kaka yangu, na mama hatutamwambia.

---

Binti_Shariff

Msukuma, umeniandikia kitu ambacho sijawahi kukisoma kwa mtu yeyote na nakushukuru, hasa hapo kwenye mifupa na nyama. Lakini umeona ulichokifanya? Nimeuliza nani anayemtazama Lorette na kujificha. Wewe umenijibu kwamba hajajificha, kasimama tulipo sisi. Basi ndiyo imekuwa mbaya zaidi! Kila anayeingia pale jumbani anavaa viatu vya yule mzee bila kuulizwa. Bibi wa watu kapelekwa na kiti chake cha magurudumu akafanywa kuwa Matisse.

Na hiyo ya "yumo kama dirisha lilivyomo" wewe waweza kuisema kwa sababu unavaa nguo zako saa tatu usiku na kupanda basi. Mwanamke wa 1917 kuwekwa daraja moja na dirisha si jambo la kumpongezea mtu.

---

Msukuma_Peckham

Dada, hiyo ya viatu nakubali yote, sina ubishi. Ya dirisha nina ubishi kidogo.

Ukiwa uchi mbele ya watu kuna mambo mawili yanayoweza kukupata. La kwanza ni kutazamwa kama uchi. Hilo unalijua mara moja, hata kama mtu kashika penseli. La pili ni kutazamwa kama kitu kigumu kuchora, ambacho kinamtoa mtu jasho. Mimi hilo la pili naliita heshima. Wewe utaliita jina lingine, na pengine kwa mwanamke ni jina lingine kweli. Sijawahi kuwa mwanamke.

Lakini huo mchoro umekwanguliwa na kurudiwa, unaona mistari ya zamani chini ya rangi, mweusi umepita juu ya mwingine. Mtu aliyetaka tu kufurahia mwili hafanyi hivyo.

---

Mwalimu_Kilifi

Binti Shariff alinikosoa kwa haki, na Msukuma kanifundisha kitu. Niongeze kimoja kinachowahusu nyote wawili.

Majira hayohayo, chumba hichohicho, na Lorette huyohuyo, Matisse alichora mchoro mwingine ambao unaweza kuuita pacha wa huo. Ni mali ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris, unaitwa Mchoraji Katika Studio Yake. Humo mchoraji yumo. Ameketi mbele ya turubai, kwenye turubai ameshamchora Lorette, na Lorette mwenyewe ameketi kando amevaa joho la kijani. Kuna dirisha, kuna kioo chenye fremu ya mapambo. Ila sasa, tazameni aliyevaa na asiyevaa. Lorette amejifunika mwili wote. Mchoraji ndiye aliye mtupu, mwili wake umepakwa rangi moja bapa, hana sura ya kumtambua, kama lile sanamu la kuvalishia nguo madukani.

Kwa hiyo ukiziweka pamoja: katika mmoja mchoraji yumo naye ndiye uchi, katika mwingine Lorette ni uchi na mchoraji hayumo. Mtu mmoja, kipupwe kimoja. Binti Shariff, hilo linapunguza mashtaka au linayaongeza?

---

Binti_Shariff

Linayachanganya. Nipe muda.

(Sasa nimeutafuta. Huyo mchoraji wa Pompidou kwanza hana uchi wenyewe. Ni umbo tu. Lorette akivuliwa anakuwa mwanamke aliyevuliwa, yeye akijivua anakuwa wazo. Hata uchi wanagawana kwa upendeleo! Lakini nakiri ameketi vibaya, anatia huruma, na yule wa kijani ndiye mwenye enzi humo ndani.)

---

Msukuma_Peckham

Na mimi naongeza: huyo aliyeketi anachora, na yeye nani anamchora? Hesabu ileile. Kuna mmoja kasimama nyuma.

---

Mtanga_wa_SilverSpring

Nimerudi wapendwa. Bibi nimemsomea vyote, natafsiri huku nakatakata kuku. Ya Msukuma alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Huyo mtu wako ana akili, mwambie wanafunzi wake hawamlipi vya kutosha." Ya Binti Shariff alipiga meza kwa furaha. Alisema miaka aliyokuwa anasoma yeye, darasani wanawake walikuwa wachache na modeli alikuwa mwanamke siku zote, na hakuna aliyeuliza.

Ila hajaridhika. Akaniambia nyote mmeng'ang'ania kiti kwa sababu kiti ni rahisi. "Ukutani je?"

Nikachukua simu nikakuza picha. Vile vipande vya mstatili nilivyowaambia vimebandikwa ukutani, ni michoro, au karatasi za michoro. Ni chumba cha mchoraji, kuta zake zina kazi zake. Na vyote ni vitupu. Havina kitu ndani. Kakizungushia mstari kila kimoja akaacha hivyohivyo. Wakati kochi amelichora na maua yake, dirisha amelichora mpaka ng'ambo ya mto.

Bibi ndipo akanitafutia mchoro mwingine kwenye kitabu chake kikubwa, Studio Nyekundu, wa Matisse huyohuyo, 1911, uko jumba la sanaa la MoMA, New York. Humo mambo ni kinyume kabisa. Chumba kizima ni rangi nyekundu, meza na viti na saa ni mistari myembamba tu, saa yenyewe haina hata mishale. Lakini michoro yake iliyotundikwa humo imekamilika, ina rangi zake, unaweza kutambua huu ni upi na ule ni upi. Yaani mwaka 1911 chumba kilifutika na kazi zake zikabaki. Katika huu wa kwetu chumba kimebaki na kazi zake zimefutika. Vilivyo na uhai ni vile asivyovitengeneza yeye: mji, kitambaa alichonunua, na Lorette.

Kwa hiyo Msukuma, pamoja na kuipenda hesabu yako ya turubai mbili, nasita kusema alirudi nyuma kukagua kazi. Mtu akikagua kazi, kazi anaiona. Huyu karudi nyuma, kaangalia ukuta wake, na hakuona chochote cha kwake cha kuchora. Mimi hilo nalijua kwa namna yangu. Nikimaliza zamu nikatazama chumba cha bibi, kila kitu kimepangwa na mimi, na hakuna kimoja kinachoonyesha kwamba nilikuwepo. Mto umenyooka, dawa zimepangwa, yeye amelala. Sina huzuni nikiangalia. Ndivyo kazi inavyotakiwa ionekane ikiisha.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Aisee. Mimi nilikuja kutania.

---

Mwalimu_Kilifi

Dada, huo ukuta sikuwahi kuutazama, na nimeonyesha picha hiyo darasani mara nyingi.

Michoro hiyo miwili aliyoilinganisha bibi iliwahi kuwa na mwenye mmoja, na yote ikatundikwa Gargoyle, klabu ya usiku mtaa wa Soho, London. Watu walikuwa wanacheza dansi na kunywa chini ya michoro ambayo leo ina walinzi. Phillips, mwenye jumba hilo, aliupata huu wa kwenu 1940. Na mwaka 1944 alikuwepo askari mmoja kijana wa kikosi cha Marine, kambi ya Quantico, Virginia, si mbali na hapo ulipo. Akipata ruhusa alikuwa anakwenda Phillips kuutazama. Huyo ni Richard Diebenkorn, ambaye baadaye naye akawa mchoraji. Ukitazama michoro yake mikubwa ya baadaye, ile ya Ocean Park, watu wamekwisha ondoka, kochi limeondoka, imebaki mistari ya dirisha na ukuta na mwanga. Yaani yeye alichukua zile mistatili tupu akazifanya mchoro mzima. Mwulize bibi, nina hakika anamjua.

---

Mtanga_wa_SilverSpring

Nimemwuliza. Kasema "bila shaka" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anaijua chumvi.

---

Msukuma_Peckham

Dada wa Tanga, umenipiga. Nakubali ukuta. Basi turekebishe: alirudi nyuma, na akiwa huko nyuma akajitoa kila alipokuwa ameandikwa, kwenye kiti na ukutani. Akamwacha Lorette. Binti Shariff, hilo vipi? Safari hii aliyefutwa ni mwanamume.

---

Binti_Shariff

Safari hii moja, sawa. Usiigeuze kuwa tabia yake. Nimepekua picha nyingine za Lorette tangu jana na kuna moja inanitia mashaka, sina uhakika kama simu yangu ndiyo mbovu. Yuko mbele, mwembamba, uso umechoka, na bega lake ni kama limeliwa na ukuta. Mwalimu, huo ni upi?

---

Mwalimu_Kilifi

Simu yako nzima. Huo ni Mwanamke wa Kiitaliano, wa 1916, uko jumba la Guggenheim, New York, na ni kati ya michoro ya mwanzo kabisa aliyomchora Lorette. Rangi ya ukuta wa nyuma imeletwa mbele ikafunika bega lake moja na sehemu ya nywele. Hakuna kivuli wala kitambaa hapo. Ni ukuta umempita juu. Mchoraji yuleyule, muda mfupi tu kabla ya kile kiti. Kwa hiyo Msukuma, hesabu yako ya nani kafutwa bado ina upande wa pili, na huo Lorette ndiye aliyeulipia.